Kumfuga chaza mkubwa: anza mwambani, tenki baadae

Kama unataka kumfuga chaza mkubwa nyumbani usianze na kununua tenki wala taa, anza na kwenda kumuona akiwa kwake. Subiri bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, siku hizo huku Tanga maji yanakupwa sana kwenye mida ya saa nne saa tano asubuhi, chukua miwani ya kuzamia, vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta ya jua, lipia kiingilio cha hifadhi afu panda boti mwende visiwa vya Yambe au Karange. Mwambie nahodha nanga aitupe kwenye mchanga, sio kwenye mwamba. Ukishuka elea tu, usikanyage kitu. Samaki utawaona na utafurahi ila we tafuta midomo, yaani midomo kabisa, imebanwa kwenye jiwe, ya bluu au ya kijani au kahawia yenye madoa, imejikunjakunja kama pindo la gauni la marinda. Ndo yeye huyo.

Pwani kuna wanaomwita kombe na kuna wanaomwita chaza, mi nitasema chaza mkubwa tusije tukamchanganya na wale chaza wadogo wa kwenye mizizi ya mikoko.

Ukishamuona fanya jambo moja. Nyoosha mkono ukinge jua, kivuli kimpitie juu. Atashtuka ajivute ndani, halafu baada ya muda ataanza kujifungua tena pole pole, pindo moja baada ya jingine. Pembeni mwa ile nyama ana vijicho vidogo kama vitone, mamia, havioni sura yako lakini giza likipita vinajua. Mara ya kwanza nilikaa pale nikarudia kama mara nne hivi, mpaka nikamuonea huruma, maana kila akijifunga anakosa jua na jua ndo chakula chake.

Hapa ndo pa kuelewa vizuri kabla hujatoa hela yoyote. Ile nyama ya rangi inaitwa joho, na ndani yake anafuga mwani mdogo mno usioonekana kwa macho. Mwani ukipata jua unatengeneza sukari, sukari inamlisha chaza, na chaza nae anaupa mwani amonia na hewa ya kaboni inayotoka mwilini mwake, inakua kama mbolea. Ni mkulima aliyebeba shamba lake mwilini. Juu ya hapo anavuta maji kwa tundu moja, anachuja vijidudu na chembechembe anakula, maji yanatokea tundu la pili. Zile rangi zinazong'aa zenyewe sio za mwani, mwani ni wa kahawia, rangi zinatoka kwenye seli maalum za joho zinazorudisha mwanga, ndo maana ukimwangalia kwa juu ni bluu ukimwangalia kwa ubavu anabadilika.

Kwenye miamba ya Afrika Mashariki wanaojulikana zaidi ni wawili. Wa kwanza kitaalam anaitwa Tridacna maxima, ni mrefu mrefu, anajichimbia kwenye jiwe hadi unabaki kuona midomo tu, na akifika sentimita 30 na kitu huyo ni mzee. Wa pili ni Tridacna squamosa, gamba lake limejaa magamba yaliyosimama kama vigae vya paa, anakaa kwenye vifusi vya matumbawe au pembeni ya mwamba na anaweza kufika kama sentimita 40. Yule jitu wa kilo 200 na kupanda unaemuona kwenye picha ni Tridacna gigas, kwao ni huko Indonesia, Australia na Pasifiki, kwetu hayupo. Na zile habari kwamba anabana mguu wa mzamiaji mpaka anakufa maji achana nazo, huyu anajifunga taratibu na wa kwetu hata mguu wa mtoto hautoshi humo.

Mguu wake

Sasa nikwambie kitu ambacho nilikijifunza vibaya. Chaza wangu wa kwanza aliletwa na kijana kwenye ndoo, nilimlipa mwenyewe kwa mkono wangu, alikua maxima wa bluu mzuri kweli, kama sentimita 12. Nikamweka kwenye tenki, akafungua joho siku ya kwanza, siku ya pili, nikawa naita majirani waje kuona. Siku ya sita nikaona lile tundu lake la kuvutia maji limeachama kama mdomo wa mtu aliyesinzia. Siku ya tisa asubuhi maji yote yamekua meupe kama tui, harufu mpaka barazani, na samaki wawili nao wamekufa. Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa Sahare ambaye amevua toka ujana wake, akamgeuza tu, hata hakuangalia juu, akanionyesha chini. Kuna tundu refu pale chini ya gamba, mguu na nyuzi zake zinatokea hapo, ndo anajifungia kwenye jiwe. Hapo palikua pamechanika, nyama inaning'inia. Akasema, "Mwanangu, huyu kavutwa. Ulimnunua ameshakufa."

Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachoangalia kwa chaza yeyote ni chini. Nyuzi zenyewe sio tatizo, ukizikata kwa wembe karibu na jiwe atatengeneza nyingine, tatizo ni kile kiungo kinachozitoa kikinyofoka, hapo hakuna dawa. Kwa hiyo usimvute chaza kutoka kwenye jiwe, iwe mwambani iwe kwenye tenki lako mwenyewe. Ukitaka kumhamisha hama na jiwe lake.

Na mwambani usimtoe kabisa, nalisema hili nikimaanisha. Chaza mmoja ni dume na ni jike kwa pamoja, anaanza kwa kuachia mbegu za kiume afu baadae mayai, mamilioni, yote yanaachiwa kwenye maji hivi hivi. Mayai yake yanatakiwa yakutane na mbegu za mwenzie aliye karibu. Mkichukua huyu leo na yule kesho, waliobaki wako mbali mbali, wanaachia mayai na hakuna kinachokutana, miaka inaenda mwamba hauna mtoto hata mmoja na wakubwa bado unawaona unadhani mambo sawa. Miamba yetu hapa imeshapigwa baruti miaka mingi, na joto la 1998 liliunguza matumbawe pwani nzima ya Afrika Mashariki, chaza nae akipata joto sana anafukuza mwani wake anabaki mweupe na njaa. Aliyebaki mwache. Yambe, Karange na Toten ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009, huko kuchukua kitu bila kibali ni kosa, na nje ya hifadhi pia afisa uvuvi yupo na BMU ya kijiji, kile kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, ipo, waulize kabla hujagusa. Kuvusha mpaka ndo kabisa, chaza hawa wote wako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, toka miaka ya 1980, bila karatasi mzigo unakamatwa.

Kina mama na watoto wanaokwenda kuchokoa pweza nao nawaomba hivi, ukigeuza jiwe lirudishe lilivyokua. Chini ya jiwe na pembeni yake kuna chaza wa saizi ya ukucha, jiwe likibaki limepinduka yeye amelala gizani, hana jua, basi.

Utampata wapi sasa

Wapo wanaozaliwa shambani. Palau walianza kuwazalisha kwa wingi miaka ya 1980 na leo visiwa vingi vya Pasifiki vinafanya hivyo, wanakuja na karatasi. Wangu wa sasa ni squamosa, nilimpata kwenye hoteli moja iliyokua inaondoa tenki lake la ukumbini, alikuja na vibali vyake na jiwe lake. Ni safari ndefu na ya gharama, sikudanganyi, lakini hiyo ndo njia. Kama huna njia hiyo basi fuga matumbawe laini na samaki, na chaza kamtembelee mwambani kila bamvua.

Ukienda kumchagua angalia haya: joho limetoka limepita ukingo wa gamba, kivuli kikipita anajivuta haraka, tundu la kuvutia maji halijaachama, katikati ya joho hakuna weupe, na ukingoni mwa gamba kuna msitari mweupe safi, ule ni ukuaji mpya. Usichukue mdogo sana, chini ya sentimita tano ni kazi, mwanga peke yake haumtoshi na chakula chake ni shida kukipata. Kati ya sentimita nane na kumi na tano ndo pazuri pa kuanzia.

Tenki

Lita 300 ndo napopendekeza. Urefu sentimita 120, upana 50, kina 50, fundi vioo wa mjini anakukatia, mwambie kioo milimita 10 na silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu maana ile dawa ni sumu. Usifanye tenki refu kwenda chini kama pipa, mwanga hautafika. Meza iwe imara kweli, maji tu ni kilo 300 hujaweka mawe.

Mawe makavu ya matumbawe yaliyokufa zamani, mchanga kidogo, pampu mbili za kusukuma mkondo na skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu. Afu subiri. Wiki nne mpaka sita za mwanzo amonia inapanda, bakteria wanazaliwa, wanaigeuza kuwa naitraiti, halafu naitreti. Hapo watu wanafurahi wanataka kuweka chaza, mi nasema subiri hata miezi sita, weka samaki wawili watatu, weka tumbawe laini, jifunze tenki lako linavyopumua, maana chaza hapendi kigeugeu. Anaweza kuvumilia maji ambayo sio mazuri sana kuliko maji mazuri yanayoruka ruka.

Samaki wa kukaa nae chagua kwa makini. Kitatange wote kaa nao mbali, wanadonoa joho, kikande na bunju wanavunja kabisa, pweza sina haja ya kueleza, ukipita mwambani makombe matupu mlangoni kwake utayaona. Wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaokaa kwenye maua ya bahari hawana neno, ila wakikosa ua wanaweza kuamua kulala kwenye joho la chaza akashindwa kufunguka, ikitokea hivyo watafutie ua lao.

Maji

Sisi wa Tanga tuna bahati ya bahari mlangoni, ila bahati hii inaua pia. Maji yachotwe sehemu safi, maji yakiwa yamejaa sio yakiwa yamekupwa, mbali na bandari, mbali na mwalo wa Deep Sea kwenye boti na mafuta, na mbali na mdomo wa mto. Masika usichote kabisa ufukweni, mto Zigi ukishuka na matope ile ghuba inabadilika rangi na chumvi inapungua. Mi msimu huo natumia maji niliyohifadhi, nina mapipa mawili ya plastiki ya bluu yale yaliyobebea chakula, nauliza mara mbili kabla ya kununua yalibeba nini. Ukileta maji nyumbani yachuje kwa kitambaa cheupe kisichofuliwa na sabuni, yaweke gizani siku kadhaa huku pampu inazunguka, ndo utumie. Kila wiki natoa lita 30 naweka 30, ni dumu moja na nusu, bajaji moja inaleta madumu sita mwezi umeisha.

Vipimo nnavyovishika: joto 25 mpaka 28, chumvi gramu 35 kwa lita, kwenye haidromita, kile kipima chumvi, utasoma kama 1.025, pH 8.1 mpaka 8.4, kalsiamu miligramu 400 mpaka 450 kwa lita, alkalini, yaani akiba inayozuia maji yasichachuke, 8 mpaka 11 kwa kipimo kinachoitwa dKH, magnesiamu 1250 mpaka 1350. Kalsiamu na alkalini ndo gamba lenyewe, chaza anaekua anazila kama mtoto anavyokula ugali, pima kila wiki, mi siku moja nilisahau wiki tatu nikakuta alkalini imeshuka mpaka 6 na ule msitari mweupe wa ukingoni umepotea. Amonia iwe sifuri, naitraiti sifuri, lakini naitreti isiwe sifuri. Watu wanasafisha maji mpaka yanakua kama ya chupa, kumbe ule mwani wa chaza unakula naitreti, miligramu mbili mpaka kumi kwa lita ni sawa kabisa.

Maji yanapokauka chumvi inabaki, kwa hiyo unajazia maji baridi yasiyo na chumvi kila siku. Sio ya bomba, yana klorini na mengineyo. Sio ya mvua iliyopita kwenye bati, bati lina zinki na zinki kwa chaza ni sumu. Na tafadhali usiende kununua maji ya betri, mengine yana asidi. Tumia yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba sana, wauza maji wengi mitaani wanayo, nenda na chombo chako ukaulize. Na shaba isiingie kabisa kwenye tenki, wala dawa ya samaki yenye shaba, wala koki ya shaba, hata kidogo tu inaua chaza na kamba na kila kisicho na mifupa.

Joto la huku kuanzia Januari mpaka Machi ni shughuli, kaskazi inavuma chumba kinafika 32 na tenki na taa zake linataka kwenda huko huko. Mashine ya kupoza ni ghali, anza na feni ndogo ipulize juu ya maji, inashusha digrii mbili hivi, ila maji yanakauka haraka zaidi kwa hiyo jazia zaidi. Fungua dirisha usiku. Taa ziwashe jioni mpaka usiku badala ya mchana, chaza hajui saa yako ya ukutani.

Mwanga

Hapa usibane hela. Taa za LED za nguvu, zenye nyeupe na bluu, masaa nane mpaka kumi kwa siku. Maxima anataka mwanga mkali kuliko squamosa, na ndo maana yeye mwambani unamkuta juu juu palipo na jua na squamosa anakubali kivuli kidogo au kina zaidi. Mwenye kipima mwanga, maxima mpe PAR, yaani mwanga ule mwani unaoutumia, 300 na kuendelea, squamosa hata 200 anaishi vizuri. Asiye nacho aangalie chaza mwenyewe: akitanua joho kupita kiasi linaning'inia kama anakinga mvua, mwanga haumtoshi, akiwa analibana halitoki hata masaa sita baada ya taa kuwaka, mwanga mkali au kuna kitu kinamsumbua.

Jua la dirishani je, naulizwa sana. Jua ni zuri na mashambani wanawalea kwenye matenki ya nje, ila pale maji yanapita muda wote. Lita 300 zako zikipigwa na jua la saa saba Tanga zinakua mchuzi.

Siku ya kumleta

Mlete asubuhi na mapema, ndani ya ndoo yenye kifuniko na maji ya kule alikotoka, jiwe lake limezungushiwa kitambaa cha pamba kilicholowa lisigongegonge. Ukifika zima taa za tenki. Chukua mrija mwembamba wa dripu, funga fundo, maji ya tenki yaingie kwenye ndoo tone tone kwa saa nzima au saa na nusu mpaka chumvi na joto vilingane. Ukimwinua atoke kwenye maji mshike kwa gamba na jiwe, sio kwa joho, na ukimzamisha kwenye tenki mwinamishe kidogo huku na huku ili hewa iliyobaki ndani itoke yote, utaona vipovu vinapanda, subiri viishe.

Mweke chini kwanza, kwenye mchanga juu ya jiwe bapa, hata kama ni maxima. Mwanga wa taa mpya unaweza kumuunguza, mpandishe kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Ndo maana lile jiwe bapa ni la maana, akishashika jiwe unabeba jiwe, humgusi yeye. Usimbane katikati ya mawe mawili eti asianguke, lazima aweze kufunguka mpaka mwisho. Mkondo wa maji umpite kwa upole, joho licheze kama kitambaa kwenye upepo mdogo, pampu isimpige moja kwa moja. Squamosa yeye abaki chini, hiyo ndo sehemu yake.

Siku mbili za mwanzo acha kumchungulia kila saa. Ya tatu msukume jiwe kidogo tu kwa kidole, ukiona ameshika, umepiga hatua kubwa.

Chakula: tenki lenye samaki wanaolishwa vizuri linamtosha chaza mkubwa, kile wanachotoa ndo mbolea ya mwani wake. Mdogo mpe mwani wa majimaji, ule mdogo unaoelea, kidogo mara mbili kwa wiki. Sina zaidi ya hapo.

Akiumwa

Usiku wa manane, taa zimezimwa masaa mawili, washa tochi uangalie chini ya gamba na kwenye ukingo. Vikonokono vyeupe saizi ya punje ya mchele, hivyo ndo adui. Mchana vinajificha, usiku vinatoka vinachoma joho vinanyonya. Kwenye squamosa vinajificha ndani ya vile vigae, nilipata 11 kwa usiku mmoja kwa wangu wiki ya pili alipofika. Tumia mswaki mpya laini, mtoe na jiwe lake ndani ya beseni la maji ya tenki, sugua gamba lote taratibu usiguse nyama, mayai ya hivyo vikonokono yanaonekana kama makamasi angavu yamegandia, yasugue nayo. Rudia kila baada ya siku tano kwa wiki sita, maana mayai hutayamaliza kwa siku moja. Kwa sababu hii chaza mpya mtenge kwanza kwenye tenki dogo lenye mwanga kabla ya kumchanganya na wengine.

Kuna ugonjwa mwingine joho linajikunja sehemu moja kama nguo iliyobanwa na zipu, na kila siku linazidi. Wafugaji wanamtibu kwa kumtumbukiza maji yasiyo na chumvi, yaliyochujwa, joto sawa sawa na tenki na pH imepandishwa ifanane, dakika 20 mpaka 30 halafu anarudi. Inatisha na usifanye kwa kubahatisha, ila nimeifanya mara moja na joho lilianza kunyooka siku ya nne.

Akiachama hajibu kivuli, mtoe haraka kabla hajaoza. Najua inauma. Lakini chaza akioza kwenye lita 300 anaondoka na wote.

Na ukiona siku moja anatema wingu jeupe kwa nguvu, mfululizo, usidhani anakufa, anaachia mbegu. Hapo badilisha maji mengi siku hiyo hiyo, theluthi nzima ikiwezekana, ndo maana yale mapipa hayatakiwi kuwa matupu.

Umeme ukikatika

Bila mwanga siku moja chaza hana shida, mawingu ya masika yanakaa zaidi ya hapo. Shida ni pampu, maji yakisimama hewa inaisha na joto linapanda. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua chaza, au betri ya gari na inveta ndogo iendeshe pampu moja tu ya mkondo, hiyo inavuka usiku. Huna chochote, chota maji kwa kikombe uyamwage toka juu kila baada ya dakika kumi, nimefanya hivyo toka saa mbili usiku mpaka saa nane, mke wangu alinipokea saa sita nikapumzika kidogo, na asubuhi wote walikua hai.

Kila mwezi siku ya bamvua ya kwanza mpige picha kwa juu na rula pembeni ya tenki, daima upande ule ule na taa ile ile, andika kwenye daftari na alkalini ya siku hiyo. Wangu alikuja na sentimita 14, sasa hivi ana 19, na ule msitari mweupe ukingoni leo asubuhi ulikua mpana kama uzi wa mshipi wa kuvulia.